Vipambo angavu vya kadi za mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kadi za nyuzi za mgomba na za lubugo (kitambaa cha gome la mti) zimejaa kwenye maduka ya sanaa ya Kampala, na nyingi zinafanana: kibanda, tembo, mwanamke mwenye mtungi. Kipambo angavu kinaipa kadi sura mpya bila kuifunika, na hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Lubugo au karatasi uliyoihangaikia inabaki ikionekana. Majibu haya ni kwa wanaotengeneza kadi za harusi, kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi), mahafali, Iddi na Krismasi, wawe wanauza au wanawapa ndugu tu. Vifaa vya nyumbani nimevitanguliza makusudi. Chupa ya rezini, ule utomvu wa kemikali unaoganda ukawa kama kioo, ni ghali, na mikono inaweza kujifunza kwanza kwa chupa tupu ya maji.

Kipambo angavu ni kitu gani hasa?

Ni kipande chochote kinachopitisha mwanga, kikabandikwa au kushonwa juu ya kadi. Kinaweza kuwa tone la gundi lililokauka, petali ya plastiki, picha iliyohamishiwa kwenye selotepu, au dirisha lenye shanga zinazotembea ndani. Vingine vinaonyesha kabisa, vingine vina ukungu kidogo. Chenye ukungu hakina ubaya wowote. Juu ya maandishi mazito ya rangi kinapendeza kuliko kile kinachoonyesha kabisa.

Sina pesa ya vifaa. Nianze na nini?

Anza na chupa ya maji ya kunywa. Geuza kitako chake: ukiona pembetatu yenye namba 1, hiyo ni PET, plastiki angavu na imara inayokatika vizuri kwa mkasi wa kawaida. Toa lebo, na gundi iliyobaki isugue kwa mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Sehemu unayoitaka ni ile laini ya katikati. Chupa zenye mikunjo mingi hazikupi kitu kikubwa.

Kipande cha chupa huja kimejikunja. Kama unataka kilicho bapa, kikunje upande wa pili, ukifunge kwa uzi, ukilaze usiku kucha, kisha ukiweke chini ya vitabu vizito. Usikipige pasi, kwa sababu plastiki ya chupa ilivutwa wakati wa kutengenezwa, na ikipata joto inataka kurudi ilikotoka: inasinyaa na kupinda.

Ukiona kazi ya kunyoosha inakuchosha, nenda duka lolote la steshenari uombe lile jalada angavu linalowekwa mbele ya ripoti iliyofungwa kwa waya uliojiviringa. Ni la ukubwa wa A4, ni bapa, na jalada moja linatoa vipande vingi. Wachapaji wa barabara ya Nasser na Nkrumah hukata majalada hayo kila siku, na mabaki yao ya pembeni yanatosha kabisa kwa majani na vipepeo. Waombe kwa adabu kabla hayajatupwa.

Nawezaje kugeuza kipande cha chupa kuwa ua?

Hapa ile tabia ya kusinyaa inakuwa rafiki yako. Kata petali tano au sita, kila moja kubwa kidogo kuliko unavyoitaka mwishoni. Zipake rangi kwanza kama unataka rangi, kwa maka isiyofutika. Washa mshumaa mahali pasipo na upepo. Shika petali kwa kibano na uipitishe juu ya moto, mbali kiasi cha vidole viwili au vitatu, bila kugusa mwali. Utaona ukingo unaanza kujiviringisha wenyewe. Ondoa mara moja, hesabu moja, mbili, halafu rudisha kama haijatosha.

Macho yako yawe kwenye ukingo muda wote. Ukiusogeza karibu mno unapata masizi meusi ambayo hayatoki tena. Ukiuacha mno kwenye joto, plastiki inageuka nyeupe kama maziwa, na weupe huo hautoki. Wengine huutaka kwa maua ya yasmini, lakini basi ufanye kwa kukusudia.

Kuna njia ya upole zaidi. PET ya chupa huanza kulegea kwenye nyuzijoto 75 hivi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo maji yaliyotoka kwenye sigiri muda huohuo yanatosha. Tumbukiza petali kwa kibano kwa sekunde chache, itoe, na uikandamize haraka kwenye tumbo la kijiko. Inapata kina cha kikombe kidogo, bila masizi wala hatari ya mwali.

Katikati pa ua pitisha sindano iliyopashwa moto, panga petali, ushone kwa uzi na ushanga mmoja. Ua hilo halihitaji gundi hata tone.

Zile namba za chini ya plastiki zina maana gani kwangu?

Tatu zinakuhusu. Namba 1 ni PET, tumeshaiona. Namba 6 ni polistairini, ile inayotengenezewa vikasha angavu vya keki na vifuniko vinavyovunjika kwa mlio mkali. Namba 3 ni PVC, na hii usiipeleke karibu na moto kamwe, kwa sababu ikiungua hutoa gesi ya asidi inayochoma koo na mapafu. Baadhi ya majalada ya ripoti ni ya PVC. Kama huoni alama, kata tu, usipashe joto.

Ni kweli namba 6 inasinyaa hadi kuwa ndogo na nene?

Kweli. Chora kwa maka isiyofutika, kata, toboa tundu kama unataka kushona, na weka kwenye trei yenye karatasi ya kuokea ndani ya oveni ya nyuzi 160 hivi. Kipande kitajikunja, utadhani kimeharibika, kisha kitajinyoosha chenyewe. Kikishatulia, kitoe na ukikandamize kwa kitabu kwa sekunde chache. Upana unaweza kupungua hadi kati ya nusu na theluthi ya ulivyokuwa, unene unaongezeka, na rangi zinakolea sana. Kwa hiyo paka rangi nyepesi na uchore kikubwa. Fungua madirisha, na trei hiyo isirudi tena kwenye chakula.

Gundi nyeupe inaweza kutoa matone yanayofanana na umande?

Ndiyo, na ndiyo njia ninayowashauri walimu wa shule za msingi. Gundi nyeupe ya shule hukauka ikawa angavu. Ile ya manjano ya mafundi seremala hubaki na rangi. Dondosha tone kwa ncha ya kijiti cha meno juu ya jani lililochorwa, uliache. Sehemu kubwa ya gundi hiyo ni maji, kwa hiyo tone likikauka linashuka na kuzama katikati. Ongeza la pili juu yake siku inayofuata, na la tatu ikibidi. Usilianike juani ili likauke upesi: juu patafanya ngozi na maji yatanaswa ndani.

Likilowa, linarudi kuwa jeupe na laini. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, lipake juu yake mpako mmoja mwembamba wa rangi ya kucha isiyo na rangi.

Nataka picha au maandishi juu ya kitu angavu, na sina mashine ya kuchapa. Nifanyeje?

Nenda kwa mtu wa fotokopi. Hii ndiyo mbinu ninayoiona ina thamani kubwa kuliko zote kwenye ukurasa huu, kwa sababu inahitaji karatasi moja ya fotokopi na selotepu pana angavu ya kufungia maboksi.

Wino wa fotokopi ni tona, unga laini wa plastiki yenye rangi ambao mashine huuyeyusha juu ya karatasi. Tona hushika kwenye gundi ya selotepu, na karatasi iliyo nyuma yake ni nyuzi tu zinazolainika kwa maji. Bandika selotepu juu ya picha bila kuacha mapovu. Sugua kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko, kila pembe, hadi picha ionekane imekolea. Kata umbo lako. Tumbukiza kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika tano au kumi. Kisha laza upande wa selotepu chini na anza kusugua karatasi kwa ncha ya kidole, polepole, kwa mizunguko midogo. Karatasi itatoka kwa vijiviringo vyeupe. Unapodhani umemaliza, acha kipande kikauke. Utaona ukungu mweupe umerudi pale palipobaki nyuzi. Lowesha tena, sugua tena. Raundi ya pili ndiyo inayotofautisha kazi safi na kazi ya haraka. Kucha usizitumie, zinakwangua tona.

Mambo mawili watu huyakosea. Kwanza, hakuna haja ya kugeuza maandishi kinyumenyume, kwa kuwa utayasoma kupitia selotepu yakiwa yamekaa vilevile. Pili, mashine ya wino wa maji haifai. Wino wake umezama ndani ya karatasi na utaondoka nayo, kwa hiyo muulize mwenye duka kabla hujalipa.

Ukikauka, upande wa gundi mara nyingi hubaki na unato kidogo, na hapo unaweza kuubandika moja kwa moja kwenye kadi ya karatasi laini.

Mbona picha yangu ya rangi inapotea nikiibandika kwenye lubugo?

Kwa sababu mashine haichapi rangi nyeupe. Palipokuwa peupe kwenye karatasi panakuwa wazi kwenye selotepu, na rangi hafifu zinamezwa na wekundu wa lubugo. Una njia mbili. Tumia mchoro wa mistari myeusi tu, ambao juu ya lubugo unapendeza sana. Au pindua kipande na upake rangi nyeupe ya akriliki nyuma ya sehemu unazotaka zionekane: tumbo la ndege, vazi la bibi harusi, ukurasa wa kitabu kwenye kadi ya mahafali. Mandharinyuma yaache wazi.

Kanuni hiyohiyo inatawala unapochora kwa mkono nyuma ya plastiki. Mpangilio unageuka: kilicho mbele kinachorwa kwanza. Jicho la korongo taji kabla ya kichwa, kichwa kabla ya anga. Na hapa maandishi lazima yaandikwe kinyume, kwa hiyo yaandike kwanza kwenye karatasi, uipindue dirishani na uyafuate.

Kwa zile nywele za dhahabu za kichwani mwa korongo, kalamu ni nene mno. Kwangua mistari kwa ncha ya sindano kwenye plastiki, paka rangi ya akriliki ya dhahabu juu yake, kisha ifute mara moja kwa kitambaa. Rangi inabaki kwenye mikwaruzo peke yake, na mistari inatoka myembamba kuliko brashi yoyote inavyoweza.

Vipambo vyangu vinabanduka kwenye lubugo na kwenye nyuzi za mgomba. Nitumie gundi gani?

Kwenye lubugo, acha gundi, chukua sindano. Lubugo ni gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mbao hadi likawa kama kitambaa, na UNESCO iliutambua ufundi huo wa Buganda mwaka 2005. Uso wake una nyuzi zilizolegea. Gundi inashika nyuzi za juu tu, nazo zinang'oka pamoja na kipambo. Uzi unapita hadi nyuma na kukaa.

Pasha sindano kwenye mshumaa, toboa matundu kwenye plastiki, milimita mbili au tatu kutoka ukingoni. Sindano baridi hufanya ufa, hasa kwenye plastiki ngumu. Ile ya moto inaacha tundu lenye mdomo uliovimba kidogo, na mdomo huo ndio unaozuia kupasuka baadaye. Shona kwa uzi mwembamba wa rangi ya lubugo ukitaka usionekane, au wa rangi kali ukitaka mshono wenyewe uwe pambo. Nyuma ya kadi funika mafundo kwa karatasi.

Nyuzi za mgomba ni tatizo jingine, kwa sababu zina utelezi na mabonde. Zipitishie msasa laini mahali pa kubandika, kisha tumia tepu ya sponji ya pande mbili. Sponji hujaza mabonde.

Supagluu je?

Iache. Mvuke wake huacha vumbi jeupe kuzunguka kiungo kwenye plastiki angavu, na halifutiki vizuri. Kwa karatasi laini, vitone vidogo vya gundi nyeupe pembeni mwa kipambo, palipofichwa na rangi au ushanga, vinatosha.

Naweza kuhifadhi maua halisi ndani ya kitu angavu?

Unaweza, kwa laminesheni, yaani kulifunga ua kati ya tabaka mbili za plastiki kwa mashine ya joto. Bogonvilia inafaa kuliko ua lolote ninalolijua hapa, kwa sababu sehemu yake yenye rangi ni nyembamba na ina maji kidogo. Majani madogo ya kangaga na ya jakaranda nayo yanatii. Yabane ndani ya kitabu kizito, katikati ya karatasi za gazeti, kwa wiki moja au mbili, ukibadilisha gazeti siku za mwanzo. Ua lenye unyevu likiingia kwenye mashine linatoa mvuke, linaacha mapovu na kugeuka kahawia. Ukikata umbo baada ya laminesheni, acha ukingo wa milimita tatu wa plastiki tupu kuzunguka ua, la sivyo hewa itaingia na tabaka mbili zitaachana.

Rezini ina faida gani, na je, ni salama?

Faida yake ni ule uso wa mviringo unaong'aa juu ya picha, na hakuna kitu kingine kinachoutoa vilevile. Ukimimina rezini juu ya picha iliyokatwa, inasambaa hadi ukingoni na kusimama hapo, inashikiliwa na mvuto wa uso wake yenyewe. Meza isiponyooka, itamwagika upande mmoja. Pima kwa bilauri ya maji kabla ya kuanza.

Ziko aina mbili. Epoksi huja kwa chupa mbili, rezini na kigumisho, na uwiano ulioandikwa kwenye chupa haujadiliwi. Ukizidisha kigumisho haikauki upesi, inabaki kunata milele. Koroga polepole ili usiingize hewa. Chupa ya rezini ikikaa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, mapovu yanapanda yenyewe, na yaliyobaki yapulizie kwa mrija. Funika kwa boksi, vumbi la barabarani kwetu halina huruma. Siku ya mvua kubwa ahirisha, kwa sababu unyevunyevu huacha uso wenye ukungu na mafutamafuta.

Aina ya pili hugandishwa na mwanga wa urujuanimno (UV). Wanaotengeneza kucha saluni wana taa inayofaa, lakini sisi tuko ikweta, na jua la saa sita mchana linafanya kazi hiyo. Mimina tabaka la milimita mbili tu kwa wakati, maana mwanga haufiki chini ya tabaka nene, na kwa rangi nzito haufiki kabisa.

Kosa la kawaida kwa aina zote mbili ni kumimina moja kwa moja juu ya karatasi. Karatasi inanywa rezini na kuweka madoa meusi ya mafuta. Ipake kwanza gundi nyeupe mara mbili, mbele, nyuma na ukingoni, ikauke kabisa.

Kuhusu usalama: rezini mbichi inaweza kukuletea mzio wa ngozi ambao haukuachi tena, hata kama mwanzoni hukuona kitu. Vaa glavu, fanyia kazi barazani, na watoto wasiiguse. Ikimwagikia mkononi, osha kwa sabuni, usifute kwa spiriti.

Nimesikia unga wa muhogo unatoa plastiki angavu. Ni kweli?

Ni kweli, na watoto wakubwa wanaipenda. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa muhogo (ule mweupe laini uliochujwa, unga wa ugali haufai), vijiko vinne vya maji, kijiko kimoja cha chai cha gliserini ile ya kupaka ngozi, na kimoja cha chai cha siki. Koroga kwenye moto mdogo hadi ujiuji mweupe ugeuke kuwa wa kuonyesha na mzito. Tandaza mwembamba juu ya kioo au trei ya plastiki, uache siku mbili au tatu kivulini penye hewa. Unapata utando unaokunjika, wenye ukungu mzuri, unaokatika kwa mkasi. Gliserini ikizidi utanata, ikipungua utapasuka. Kwa kadi ya kuhifadhiwa miaka mingi usiutegemee, huota kuvu ukipata unyevu.

Shanga za ndani ya dirisha zinaganda kwenye plastiki. Nizifanyeje zitembee?

Ni umeme tuli. Pangusa upande wa ndani wa plastiki kwa kitambaa kikavu chenye poda kidogo ya mtoto kabla ya kufunga, na usijaze shanga zaidi ya theluthi ya nafasi.

Kadi yenye kipambo itafika salama kwa posta?

Kwa vipimo vya Umoja wa Posta Duniani barua ndogo haizidi unene wa milimita 5, kwa hiyo dirisha la shanga au ua lililoinuka litakupeleka kwenye gharama kubwa zaidi. Vipambo bapa husafiri bila shida. Kipambo kilichoinuka kiwekee karatasi ngumu yenye tundu la ukubwa wake, ikae juu ya kadi ndani ya bahasha. Ukituma kwa boda au kwa basi la Gulu au Mbarara, mwombe mpokeaji asiiache kwenye dashibodi ya gari. Joto la hapo linaweza kuzipinda petali za chupa.

Nitoze bei gani?

Hesabu muda wako, usihesabu plastiki tu. Chupa ni bure, lakini ua la petali sita lililoshonwa vizuri linakula saa nzima, na mteja anayeagiza kadi mia za harusi lazima aambiwe hilo mwanzoni. Kwa oda kubwa pendekeza picha za selotepu, ambazo unaweza kuzifanya nyingi kwa pamoja, na maua yaweke kwenye kadi chache za meza kuu.

Nimebandika vibaya. Naweza kutoa kipambo bila kuchana kadi?

Kama ni tepu ya sponji, chukua uzi imara wa kushonea, uupitishe katikati ya kipambo na kadi, uvute kushoto na kulia mpaka ukate sponji. Mabaki yaviringishe kwa kidole. Kama ni selotepu, ipashe kwa hewa ya moto ya draya ya nywele kwa sekunde chache, kisha ianze kwenye pembe ukiivuta kwa ulalo, karibu kabisa na uso wa kadi. Kama ni gundi nyeupe juu ya karatasi, weka pamba yenye maji juu ya gundi pekee, subiri ilainike, na chomeka ncha butu ya kisu. Juu ya lubugo kata uzi kwa nyuma.